Mkono wa Pembeni

Mbele ya posta, katikati ya watu waliokuwa wakipigana vikumbo, fundi vioo alikuwa anapima dirisha lililovunjika. Alivaa ovaroli ya buluu na kitambaa chekundu kichwani. Kugeuka, akamwona kijana amepiga magoti nyuma ya ngazi yake, kamera ikichungulia katikati ya miguu ya ngazi.

"We kaka, umedondosha nini huko?"

"Nakupiga picha, dada. Ngazi imekuzunguka vizuri. Hii tunaiita fremu ya bure."

"Ya bure kwako. Ngazi ni yangu."

Mpiga picha alicheka mpaka akakaa chini. Kufika jioni namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mifuko.

Miezi minne walizunguka mji pamoja, na fundi akafundishwa kuangalia. Usikimbilie mtu, mpiga picha alimwambia. Tafuta kwanza kitu cha kumzungushia: mlango, tawi, dirisha la basi. "Watu wote huangalia katikati, mpenzi. Sisi tunaanza pembeni." Fundi alishika somo upesi, maana hakuwa mtu wa kufundishwa jambo mara mbili. Akampenda yule kijana bila kujizuia, na alimwambia hivyo waziwazi.

Ndipo picha za kijana zikatundikwa kwenye ukumbi wa maktaba. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya fundi, akikata kioo dukani kwake, ametabasamu. Wageni wakamsifia tabasamu. Yeye akaanza pembeni. Pale, kwa ukungu, kulikuwa na mkono wa mwanamke aliyeshika kiuno, bangili tatu, kucha nyekundu. Tabasamu lake lilionekana kupitia uwazi wa mkono huo.

Alitoka bila kuaga. Simu iliita mara sita ndipo akapokea.

"Fundi wangu, umekwenda wapi? Watu wanakuulizia."

"Mkono ule ni wa nani?"

Mpiga picha alijikohoza.

"Nakuuliza. Mwanamke gani mlisimama naye nje ya duka langu mkinitazama?"

"Mpenzi, siwezi kusema. Niliahidi."

"Basi kaa na ahadi yako," akakata simu. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akanawa uso.

Siku ya nne mama mmoja mnene, kitenge cha manjano, alisimama mlangoni mwa duka, akashika kiuno. Fundi aliinua macho. Bangili tatu.

"Karibu," alisema. "Mkono wako nimeshauona."

Mama yule akaangua kicheko. "Mimi ndiye shangazi yake, mwanangu. Nilimlea tangu ananyonya kidole. Nilikuja kukuchunguza, nikamwapisha asikwambie. Sasa hapati usingizi, chakula hagusi, na mimi nimechoka kumsikiliza akihema."

"Mlinichunguza mkaona nini?"

"Mteja alitaka kioo chembamba cha mlango wa chumba cha watoto. Ulimkatalia, ukamtania mpaka akanunua kinene huku akicheka. Nikasema huyu anatosha."

Fundi aliona moyo wake unalegea, lakini hakutaka uonekane. Akachukua simu.

"Njoo dukani. Shangazi yako yuko hapa."

Mpiga picha alifika akitweta, shati limefungwa vifungo kombo. Shangazi akajifanya anakagua vioo.

"Wewe," fundi alimwambia, "siku nyingine ukipewa siri uitunze, usiitundike ukutani."

"Nilijua nakosea."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nina watu wawili tu duniani, na wote wamo humo."

Shangazi alipenga kamasi kwa kishindo. Fundi akapangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nimeshachunguzwa," alisema mwishowe. "Nimeshapitishwa. Ila kuna mtu hajaniuliza mimi."

Mpiga picha akamshika mikono yote miwili, palepale mbele ya wateja. "Utanioa?"

"Huyo! Hata maneno ameyageuza!" shangazi alipiga kelele.

"Mwache, shangazi, nimemwelewa. Nitakuoa," fundi akajibu, akicheka na machozi yakimtoka. "Na ile picha uilete hapa. Kioo chake nitakikata mimi mwenyewe."