Maneno ya Augustin Ndani ya Diski

Wababa na wamama wa Bunia, na ninyi vijana munaobeba kamera kwenye ndoa na matanga, acheni kazi kidogo munisikilize. Habari hii inaniuma, na sitaipamba.

Ilikuwa asubuhi nzuri, jua la kiasi, kule Mudzipela. Augustin alikuwa amekaa uani, blanketi magotini. Ugonjwa wa ini ulikuwa umemmaliza mwili, lakini akili yake ilikuwa nzima. Mke wake Godelive alikuwa akichagua maharagi. Mbele yao Serge alikuwa akisimamisha kamera. Serge huyu hakuwa mtu wa nje. Kamera yake ya kwanza aliletewa na Augustin kutoka Aru, enzi za biashara zake, bila kuombwa hata asante. Alimwita Augustin yaya, yaani kaka mkubwa, na kwa Godelive alikula kama kwao.

Augustin akaitazama kamera, akasema polepole: "Miye Augustin, niko na akili yangu yote. Hii parcelle, kiwanja na nyumba yake, ni ya Godelive na wabinti wetu. Mutu wa famille asiwatoshe hapa, asiwafukuze."

Katika jamaa yao, maneno kama hayo husikilizwa siku ya kumaliza matanga, mbele ya wote. Hayakai kwa mjane, watu wasije wakasema ameyageuza. Hukaa kwa mpiga video. Basi Serge akayapeleka studio, akakata kikohozi na kelele za kuku, kazi ikaisha vizuri.

Wiki iliyofuata, mfanyabiashara mmoja mkubwa akamwita Serge apige ndoa ya mtoto wake. Mashini yake, kompyuta ya studio, ikakataa: diski imejaa! Dawa yake kila mpiga video anaijua. Kazi iliyoisha unaihamisha kwenye diski ya nje pamoja na picha zake zote, unaifungua kule, unaitazama mpaka mwisho, ndipo unafuta ile ya kwenye mashini. Lakini diski ya nje ya Serge ilikuwa imejaa filamu za kigeni, zile alizowauzia vijana kwenye simu zao. Azitoe? Thubutu! Akahamisha faili la mpango peke yake, lile dogo linalokumbuka tu picha gani imekatwa wapi. Picha na sauti zenyewe zilikuwa zimebaki kwenye mashini, na hizo akazifuta. Kadi ya kamera nayo ilikuwa imekwisha safishwa kwa ajili ya ndoa.

Ndoa ilipopita, Mireille, mke wake na mwenzake wa kazi, akafungua kazi ya Augustin kwenye diski ya nje. Kioo kizima kikawa chekundu, alama kwamba picha hazipatikani, na sauti hakuna.

"Serge, kuya uone! Maneno ya yaya Augustin haiko!"

Serge akashika kichwa.

"Usilie," Mireille akamwambia. "Yaya angali anasema. Beba kamera, enda umuombe musamaha, arudilie. Ni kazi ya asubuhi moja tu."

Munasikia, ndugu zangu? Augustin alikuwa hai! Alikuwa akinywa uji wake na kutaniana na binti zake. Serge akabeba kamera, akaenda, na Augustin akafurahi kumwona.

"Mudogo wangu, maneno yangu iko muzuri?"

Serge akaona haya. Jamani, haya ya nini mbele ya mtu anayekupenda? Akajibu: "Iko muzuri, yaya. Usiogope hata kidogo."

"Aksanti. Sasa hata nikienda, nitaenda na roho ya kutulia."

Godelive akampakulia bugali na sombe, majani ya muhogo, naye akala, akanawa mikono, akaaga. Kufika nyumbani akamwambia Mireille: "Tumerudilia. Imeisha." Kamera ilikuwa haijatoka hata kwenye mfuko wake.

Mwezi ule haukuisha, Augustin akafa.

Kila Godelive alipouliza, Serge alijibu kwamba video iko. Siku ya kumaliza matanga jamaa wakajaa uani. Constant, kaka mkubwa wa marehemu, akakaa mbele kabisa. Serge akagusagusa waya, akasema mashini imeharibika njiani.

Mireille akasimama kati ya wanawake. "Mashini iko muzima, nimeitumia leo asubuhi. Fungua ile muliyorudilia."

Serge akazidi kugusagusa waya.

"Serge! Si uliniambia mulirudilia?"

Mwanaume akaanguka magotini, yote yakamtoka mbele ya watu. Kisha akapaza sauti: "Lakini nilimusikia na masikio yangu! Yaya alisema parcelle ni ya Godelive!"

Constant akaguna. "Umemudanganya ndugu yangu, umemudanganya bibi yako, na sasa hivi umetudanganya siye wote juu ya mashini. Halafu tukuamini weye? Shemeki, parcelle inarudia famille yetu."

Godelive hakumtazama Constant. Alimtazama Serge, machozi yakimtiririka.

"Kufuta, ningekusamehe. Mashini ni mashini. Lakini bwana yangu alikuuliza, angali na kinywa cha kusema. Ukamuangalia mu macho ukamudanganya, halafu ukakula bugali yangu."

Kabla ya mvua kurudi, alitoka pale na binti zake, masufuria kichwani. Leo wanapanga chumba kimoja chenye bati linalovuja. Mireille naye alirudi kwa wazazi wake.

FUNDISHO

Munaotunza picha za watu, hamisheni kazi nzima, ifungueni, itazameni, ndipo mufute. Haraka ya ndoa ya tajiri isiwafanye mutupe neno la mgonjwa. Ninyi wenye familia, maneno ya parcelle yawekeni pia kwenye karatasi, mbele ya mashahidi, musimwachie mtu mmoja hata akiwa kipenzi chenu. Na wewe unayemfukuza mjane kwa sababu video imepotea, usijifiche nyuma ya Serge. Mungu hahitaji video kujua ndugu yako alitaka nini.

Lakini zaidi ya yote: ukiharibu kitu cha mtu, mwambie leo, angali hai. Kosa la Serge lilihitaji asubuhi moja kutengenezwa. Uongo wake hakuna atakayeutengeneza tena.