Pumzi Tatu za Mutheu

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Mutituni, Mutheu huwa ameshachota mitungi miwili ya maji. Baada ya hapo huwasha moto, hupika uji wa wimbi na kumwekea nyanya yake kikombe kimoja mezani, kimefunikwa kwa sahani ili nzi wasikiguse. Kisha hubeba beseni hadi nyuma ya nyumba akafue sare za shule, yake na ya mdogo wake, Mutanu. Mama yao hushona nguo katika kiwanda kimoja huko Athi River na hurudi nyumbani Jumapili tu. Siku nyingine zote nyumba huwa mikononi mwa nyanya, ambaye kila mtu humwita Susu.

Mutheu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na aliijua vizuri sheria kubwa ya nyumba ile. Susu alikuwa na kisukari, kwa hiyo hakuruhusiwa kuonja sukari. Mama alikuwa ameliweka kopo la sukari juu kabisa ya kabati na kusema, "Nikisikia mtu amempa Susu chai ya sukari, tutajuana." Susu mwenyewe alimeza vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa.

Jumamosi moja ya Novemba, Mutheu alikuwa akisuuza kola ya shati pale Mutanu alipomjia mbio.

"Mutheu! Susu anaongea vitu havieleweki!"

"Usinianze. Jana ulisema kuna nyoka kwa kuku, kumbe ni kamba."

"Leo si mchezo! Ameniita Mama!"

Mutheu aliliacha shati majini. Ndani, Susu alikuwa ameketi kitini, leso yake imelowa jasho ingawa asubuhi ilikuwa na baridi. Mikono yake ilitetemeka.

"Susu, ni nini?"

"Fungeni ng'ombe," Susu alijibu, akiutazama ukuta.

Hawakuwa na ng'ombe. Mara ya mwisho nyumba ile kuwa na ng'ombe, Mutheu alikuwa hajazaliwa.

Moyo wa Mutheu ulianza kudunda hadi akausikia masikioni. Alimpigia mama simu, lakini ilikuwa imezimwa, kwa kuwa wafanyakazi wa kiwandani huacha simu zao langoni. Alikimbilia mlangoni, akarudi, akaokota kitambaa, akakiangusha. Kichwani mwake lilikuwamo wazo moja tu: sukari imepanda, na kinachoishusha sukari ni dawa. Alifungua kichupa cha Susu na kumimina vidonge viwili kiganjani.

"Si alimeza asubuhi?" Mutanu aliuliza.

"Nyamaza! Unataka afe?"

Lakini swali lile lilimgusa. Alimeza, ndiyo. Je, anapaswa kupewa viwili zaidi, au vitatu? Ukutani palikuwa na namba ya Mama Josphat, mhudumu wa afya ya jamii aliyekuja kila mwezi kumpima Susu. Mutheu aliviweka vidonge mezani, akampigia.

"Mama Josphat! Susu anakufa! Anatetemeka! Nimpe dawa mbili au tatu?"

"Usimpe chochote bado. Amefumbua macho? Anapumua?"

"Sijui! Nitajuaje mimi? Njoo!"

"Nakuja. Niko sokoni, napanda pikipiki sasa hivi, nitafika baada ya dakika ishirini. Lakini kabla sijafika natumia macho yako, na kwa sasa hayaoni. Kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Isikie sakafu. Umekanyaga?"

"Susu anakufa, na wewe unaniambia nisimame!"

"Ndiyo. Vuta hewa kwa pua. Sasa itoe kwa mdomo, polepole, kama unapoza uji. Nataka niisikie kwenye simu."

Pumzi ya kwanza ilitoka ikikatikakatika kama kilio. Mutanu, aliyesimama kando yake, alianza kupuliza pia bila kuambiwa. Pumzi ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Ya tatu ilipokwisha, mabega ya Mutheu yalikuwa yameshuka na masikio yake yametulia. Susu alikuwa bado anatetemeka. Kilichobadilika ni kwamba chumba kilikuwa kimerudi: meza, kiti, dirisha.

"Vizuri. Niambie vitu vitatu unavyoviona. Vitaje tu."

"Namwona Susu. Macho yake yako wazi. Anapumua."

"Cha pili?"

"Leso. Imelowa jasho."

"Cha tatu?"

Mutheu aligeuka. "Kikombe cha uji."

"Kina kitu?"

Aliinua sahani. Uji ulikuwa umejaa, umefanya utando juu. "Hajanywa!"

"Jana usiku alikula?"

Mutheu alimtazama Mutanu, naye Mutanu akainamisha kichwa. "Alinipa muthokoi wake wote, mahindi na maharagwe yote," alisema kwa sauti ndogo. "Alisema wamama wa kanisa wanafunga, wanaombea mvua. Akaniambia nisiwaambie, mtamkataza."

Mama Josphat alikuwa amesikia. "Mutheu, sikiliza. Dawa ile hushusha sukari. Mtu akiimeza bila kula, sukari hushuka kupita kiasi, akatoka jasho, akatetemeka na kuchanganyikiwa. Nafikiri Susu anahitaji sukari. Mwambie ameze mate, uone kama anaweza."

"Susu, meza mate." Susu alimeza.

"Basi mkalishe wima. Koroga vijiko vitatu vya sukari katika nusu kikombe cha maji, umnyweshe kidogo kidogo. Angekuwa amezimia, tusingemtia kitu mdomoni."

Mutheu aliliangalia kopo juu ya kabati. "Mama alisema…"

"Mama yako mwachie mimi."

Alipanda juu ya stuli. Alipolishika kopo, hofu ilimrudia, na sukari kidogo ikamwagika. Safari hii hakungoja kuambiwa. Alisimama palepale juu ya stuli, akatoa pumzi ndefu, kisha akashuka. Kijiko kimoja, viwili, vitatu. Akakoroga.

Susu alikunywa akimwaga kidogo kidevuni. Mutheu aliitazama saa ya simu. Dakika tano zilipita, jasho likapungua. Dakika ya kumi, mikono yake ikatulia. Ya kumi na tatu, aligeuza shingo.

"Mbona mmenisimamia kama mnaangalia sinema?"

Mutanu alicheka, kisha akalia.

Mama Josphat aliingia na kofia ya pikipiki bado kichwani. Alimtoboa Susu kidole na kusoma kipimo. "Nne nukta tatu. Imeanza kupanda, maana chini ya nne ni hatari. Sasa utakula, Susu, kisha twende zahanati, maana dawa hiyo huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi."

"Mahindi yanakauka," Susu alisema. "Niliona kufunga siku moja hakutaniua."

"Kulikaribia. Sala omba, hakuna anayekukataza. Lakini kabla ya kufunga, muulize daktari kuhusu dawa. Na usimbebeshe mtoto siri kama hiyo."

Susu alimtazama Mutanu. "Nimekosa," alisema, akauvuta uji karibu.

Mutheu alivichukua vidonge mezani, akatazama kiganja chake. Vile viwili vilikuwa tayari vimeacha rangi pale. "Ningempa hivi," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua."

Mama Josphat hakumficha ukweli. "Vingemshusha sukari zaidi, labda tungempoteza. Mtu akishikwa na hofu, mwili hujiandaa kukimbia. Moyo huenda mbio, na akili hung'ang'ania wazo moja. Ukitoa hewa polepole, moyo hupunguza mwendo. Ukitaja unavyoviona, akili huacha lile wazo moja na kutazama pande zote. Pumzi haikumponya Susu. Ilikuwezesha wewe kukiona kikombe."

"Wewe huogopi?"

"Unadhani ulikuwa ukipuliza peke yako? Nilikuwa kando ya barabara, nashindwa kufunga mkanda wa kofia hii."

Susu alipomaliza uji, walimpandisha kwenye pikipiki, Mama Josphat nyuma yake akimshika kiuno. Kabla dereva aliyemleta hajaondoka, Mama Josphat alimwita Mutheu karibu.

"Wewe pia utaogopa tena, kwa mtihani, kwa ugomvi, kwa ugonjwa. Kuogopa si kosa. Ila hofu ikija, usianze na mikono. Anza na pumzi, halafu macho. Mikono iwe ya mwisho."