Neno la Ubaoni

Simu ilikuwa mezani. Televisheni ukutani. Hata pochi ya Mama Kostansia haikuguswa. Kilichoibwa katika nyumba ile ya ughaibuni, mjini Shively, ni barua moja tu, iliyokuwa ndani ya Biblia.

Mpelelezi Azarias alikagua mlango. Haukuvunjwa.

"Barua ya nini, mama?"

"Ya mahojiano ya uraia, kesho asubuhi. Lakini mimi alfajiri naondoka kwenda Columbus, harusini kwa binti yangu Fides. Barua yenyewe inasema nisipofika, faili litatangulia bila mimi."

"Nani alikusomea?"

"Mzee Gaudiosi. Si ulikuwapo Jumapili alipotufundisha lile neno?"

Azarias aliinamisha macho. Alikuwapo. Kila Jumapili mzee, mkalimani wa kanisa, huchagua neno la Kiingereza kwenye barua za waumini, akaliandika ubaoni, nao wakanakili. Safari hii aliandika "preclude", kisha: kutangulia. Azarias alijua ni kuzuia. Alinyamaza. Nani amkosoe mzee mbele ya wakwe zake?

Sasa akaelewa: asipofika, mama huyu anazuiwa uraia.

"Leo amekuja nani?"

"Mzee mwenyewe, kuniombea safari. Nilikwenda jikoni kumchemshia chai."

Azarias alimkuta kanisani, akifuta ubao uliokwisha kufutika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesahau neno la Jumapili. Preclude ni nini?"

"Kuzuia," mzee alijibu upesi. "Jambo lisitokee kabisa."

"Jumapili lilikuwa kutangulia."

Kitambaa kikamponyoka mzee.

"Umejua lini maana yake?" Azarias aliuliza.

"Jana. Mjukuu aliniambia. Akacheka." Alivua kofia, akatoa barua iliyokunjwa ndani yake. "Miaka kumi na mbili watu wananiletea barua zao. Nikasema hii ikipotea, hakuna atakayejua nilikosea."

"Angekosa uraia, mzee."

"Nilimwombea safari huku najua."

Azarias alitazama viatu vyake. "Nami nilijua tangu Jumapili."

Walikwenda kwa Mama Kostansia, wakakiri mmoja baada ya mwingine, kama watoto waliovunja chungu. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kesho mtanipeleka kwenye mahojiano," alisema. "Kisha mtanipeleka Columbus. Mtaomba radhi kwa maharusi."

"Maharusi tumewakosea nini?" mzee akauliza.

"Kadi nimeshaituma. Nimewaandikia kwa Kiingereza Mungu awatangulie katika ndoa yao. Kwa lile neno lenu la ubaoni."