Ulinitazama Nikianguka

Siku walipokutana wote wawili walikuwa na hasira, na huenda ndiyo sababu hawakusahauliana.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Malori kumi na saba yalikuwa yamejipanga nje ya yadi ya makontena, honi zikishindana, moshi wa dizeli ukiingia mpaka kwenye kidirisha cha karani wa mizani. Karani mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, sketi ya kijani, vesti ya njano juu ya blauzi nyeupe, kilemba kimekazwa. Madereva walimwita Bi Mizani.

"Umezidisha uzito ekseli ya nyuma," alisema. "Rudi ukapange mzigo upya."

Dereva alishuka. Shati lake lilikuwa limenyooshwa pasi mpaka mikononi, viatu vya ngozi vinang'aa kama vya mtu anayekwenda mkutanoni.

"Dada, mzigo wote uko chini ya kiwango. Umeegemea nyuma kidogo tu."

"Kidogo chako kinavunja barabara ya watu wote."

"Niko kwenye foleni tangu alfajiri!"

"Na mimi niko hapa tangu alfajiri navuta moshi wako. Tumelingana. Ondoa gari."

Aliondoa. Saa nane alirudi, mzigo umekaa sawa, mkononi ana chupa ya maji baridi. "Ya kuteremshia moshi wangu," akasema. Bi Mizani alijaribu kununa, akashindwa.

Madereva wenzake walimwita Polepole, kwa kuwa alikuwa na mwaka mmoja tu barabarani na alikata kona kama aliyebeba mayai. Mwezi haukuisha, simu zikawa hazikauki.

"Umefika wapi, roho yangu?"

"Nimeegesha nile. Na wewe?"

"Nipo na maadui zangu hapa."

Maadui walikuwa vitabu. Bi Mizani aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, akafanya kazi ili wadogo zake wasome. Walipojitegemea, akarudi darasani jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaingia chuo. Masomo yote aliyamudu, ila takwimu.

"Hebu nieleze wewe, huu uwezekano wa jambo kutokea kama lingine limeshatokea, ni mdudu gani?"

"Mpenzi, mimi mtu wa usukani. Hesabu zilinipiga chenga zamani."

Akaanguka mtihani. Siku hiyo Polepole alikaa naye kwenye benchi nyuma ya ofisi, akamfuta machozi kwa leso yake. "Pole, laazizi. Pole sana." Na Bi Mizani akazidi kumpenda.

Wiki mbili baadaye, mkaguzi wa bima alifika yadini kuangalia kontena lililobonyea. Alipomwona Polepole mbele ya kidirisha, faili lilimponyoka.

"Daktari! Mwalimu wangu wa takwimu!" Akamgeukia Bi Mizani, uso umejaa furaha. "Dada, huyu kafundisha chuo kikuu miaka kumi na miwili. Hakuna aliyemsikiliza darasani akaanguka!"

Bi Mizani alimtazama Polepole. Polepole alitazama viatu vyake. Mwanamke akafunga kidirisha, akatoka nje.

"Kweli?"

"Naomba nikueleze..."

"Nimeuliza, kweli au uongo?"

"Kweli."

"Ulikaa pale ukinitazama nikianguka!" Akanyoosha kidole kuelekea benchi. "Ukanifuta machozi ambayo ungeyazuia kwa Jumapili mbili tu! Mimi mjinga nakusomea taratibu, nakueleza kwa maneno mepesi, nikidhani hujui, nisije nikakuaibisha!"

"Sijawahi kukucheka hata siku moja."

"Elimu niliyoililia, wewe umeitupa. Haya, ni yako, tupa! Lakini ungenidondoshea japo tone!"

Nyuma yao lori lilipiga honi. Bi Mizani akageuka. "Anayepiga honi nampima wa mwisho!" Yadi nzima ikanyamaza.

Kwa siku kumi na tatu alimkatia simu. Mara moja tu alipokea.

"Mpenzi wangu..."

"Umekosea namba. Mpenzi wangu hajui hesabu."

Mama yake, fundi cherehani, aliuliza bila kuinua macho kwenye mshono, "Mtihani wa marudio lini, mwanangu?"

"Wiki tatu."

"Na mwalimu unamkatia simu."

"Mama!"

"Sijasema umsamehe. Nimeuliza tu."

Jumapili mchana Polepole alibisha hodi mwenyewe. Mama alimkaribisha kiti, akakumbuka ghafla kwamba ana vifungo vya kufuata kwa jirani. Bi Mizani alitoka chumbani na gauni la nyumbani, mikono kifuani.

"Kwa nini uliacha?"

Akamweleza. Alikuwa na mwanafunzi, binti aliyefanya utafiti miaka miwili. Mkuu wa idara akauchukua, akaweka jina lake mwenyewe. Binti akalalamika, kikao kikaitwa.

"Nilikuwa nimesoma kila rasimu yake. Nikaulizwa mbele yake kazi ni ya nani. Nikajibu sina hakika."

"Ulijibu nini?"

"Sina hakika. Wakamfukuza kwa kumsingizia mkubwa. Baada ya hapo kila nikishika chaki namwona yeye. Nikaacha kazi, nikajifunza lori, nikaapa sifundishi tena."

"Kwa hiyo ulimnyamazia wa kwanza, halafu ukatubu kwa kumnyamazia wa pili?" Sauti ilipanda mpaka cherehani ya mama ikawa kama inasikiliza. "Toba gani hiyo, anayeumia ni mimi?"

Kitabu kizito kikamwangukia Polepole mapajani.

"Nataka kupita. Anza ukurasa wa kwanza. Na yule binti mtafute, ukaseme ulichokijua. Mambo ya mapenzi usiniulize."

Akafundisha. Akiwa mjini, mezani. Akiwa safarini, kwa simu kutoka vituo vya mafuta. Maneno matamu hayakuwepo.

"Nimekosea wapi?"

"Mstari wa tatu. Umegawanya kabla ya kujumlisha."

"Kwaheri."

Yule binti, Polepole alimpata akifundisha chekechea. Binti hakumkaribisha kukaa. Polepole aliandika ushahidi wake, akatia sahihi, akaupeleka chuoni kwa mkono wake. Kesi ikafunguliwa upya. Binti hakumsamehe, naye hakuomba mara ya pili.

Matokeo yalipotoka, Bi Mizani alimpigia akiwa barabarani.

"Nimepita."

Upande wa pili injini ilizimwa. "Nimesimama pembeni," akasema. "Siwezi kuendesha huku nalia."

"Watakurudisha chuoni?"

"Wameniita, nimekataa. Nilipanda lori kwa kukimbia, lakini sasa nalipenda." Akavuta pumzi. "Nataka kuja kwa mama. Nataka kukuoa."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nyingi. Sijui zitaisha lini."

"Nitaishi nazo."

Bi Mizani alifunga kitabu cha takwimu.

"Basi njoo Jumamosi," akasema. "Umwambie mama yote, na ya yule binti pia. Sitakusaidia hata neno."

Jumamosi alikuja, akasema yote. Bi Mizani alikaa ng'ambo ya meza, uso umekunjamana, na kweli hakumsaidia hata neno. Mama alipouliza swali gumu kuliko yote, atajuaje kwamba huyu hatanyamaza tena, Bi Mizani alinyanyua tu kiti chake, akaizunguka meza nacho, akakiweka ubavuni pa Polepole, akakaa.