Kengele Aliyoimalizia Ugbad

Jua lilikuwa linazama Hooyo, mama yangu, aliponituma nikamlete mdogo wangu Ugbad pamoja na mbuzi wetu wachache. Ngamia wote walikuwa wamekufa kwa ukame wa mwanzo wa miaka ya tisini, na mimi nikaacha shule. Huko nje ya mji wa Hadado hapakuwa na msichana mwingine wa rika langu. Nilikuwa na Ugbad tu, na vyombo tulivyojitengenezea: ngoma ya debe la mafuta ya msaada, njuga za vifuniko vya soda, na zeze la mkebe lenye nyuzi za singa za mkia wa ngamia.

Nilimkuta chini ya mgunga, karibu na kisima kilichokauka. Shingoni alikuwa amejifunga kengele ya mti, ile ambayo kwetu hufungwa ngamia mwenye tabia ya kupotea.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeiokota hapa. Mtu aliianza akaiacha. Nimemalizia kuichimba kwa msumari." Akatikisa shingo. Kok... kok... "Mimi ni ngamia mpotevu, abaayo, dada yangu! Nikamate!"

"Ngamia gani mfupi kuliko mbuzi? Vua, twende."

Akacheka, akakimbilia vichakani.

Nikakusanya mbuzi huku nikiisikiliza kengele yake. Kok... kok... Giza likaingia. Upepo ukaleta harufu ya maziwa ya ngamia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nani alikuwa na maziwa mwaka ule?

Halafu nikasikia mluzi.

Mrefu. Wa chini. Mluzi wa mchungaji anayewaita ngamia wake.

Kengele ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, polepole, ikienda mbali nami. Haukuwa tena mlio wa mtoto anayekimbia. Ulikuwa mwendo wa mnyama aliyechoka.

"Ugbad!"

Nikakimbia. Miiba ikanichana miguu. Nilipomfikia, alikuwa anatembea macho wazi, shingo imenyooka mbele. Nikaishika kamba ya kengele.

Ilikuwa imekaza.

Kulikuwa na mtu anayeivuta, lakini mbele yetu sikumwona mtu.

Nikasema Bismillahi, nikaikata kwa meno. Ugbad akaniangukia kifuani. Lakini kengele haikuanguka. Ilikwenda zake gizani... kok... kok... na sauti ya mzee ikanong'ona, kama ya mtu anayetaka kulia:

"Ngamia wangu..."

Nilimbeba Ugbad hadi nyumbani. Hooyo alinisikiliza, mkono mdomoni.

"Huyo ni mzee Kulow, aliyekuwa mchungaji hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anamchongea ngamia wake wa mwisho kengele. Ngamia akafa kabla hajaimaliza. Kulow hakukubali. Alisema ngamia amepotea tu, akaenda kumtafuta. Hatukupata mwili wa kuzika."

"Kengele ameshaichukua, Hooyo. Si imekwisha?"

Hooyo alimtazama Ugbad. Akamvuta kifuani pake.

Ugbad hachezi nami tena. Nikimwekea ngoma mbele, huiangalia kama kitu asichokijua. Napiga peke yangu. Magharibi ikikaribia, Ugbad hutoka nje, hupiga magoti mchangani, hukunja mguu mmoja na kutulia, kama ngamia anayesubiri kufungwa asitangetange usiku.

Jana nilimkunjua mguu kwa nguvu, nikampangusa mchanga.

Chini ya goti, ngozi ilikuwa imechubuka kuzunguka mguu mzima. Alama ya kamba. Bado mbichi.