Redio za Mkono

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa Aprili, saa nne na robo asubuhi, lilipofunguliwa boksi la kwanza kwenye baraza la zahanati iliyo mteremkoni, juu ya bonde. Wakubwa wa wilaya walishajipanga kupigwa picha. Nesi akaingiza mkono, akatoa redio nyeusi, fupi, yenye antena nene, kama zile wanazobeba walinzi. Akaingiza tena. Ileile. Redio sabini za kuitana, zisizoshika kituo hata kimoja wala kusikia tangazo la mafuriko. Zinasikiana zenyewe tu.

Fundi alikuwa nyuma ya watu, katika shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Hakuwa amelivaa tangu amzike mkewe.

Mkewe alichukuliwa na maji kule bondeni, miaka sita nyuma. Onyo lilitumwa kwenye simu, na simu zilishakufa pamoja na umeme. Waliolituma wakapandishwa vyeo. Fundi akahamia mlimani, akafungua kibanda sokoni, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena bondeni.

Kibandani ndipo Nesi alipomkuta, mwezi mmoja kabla ya ile Alhamisi. Sare yake nyeupe ilinukia sabuni, raba zimeshika tope, na kapuni alikuwa na redio tano za mfano. Alitaka achaguliwe moja inayofaa nyumba sabini za bondeni, ikiwemo yake na mama yake.

"Fumba macho," Fundi alimwambia.

"Kaka, mimi nimeleta redio, sijaja kuombewa."

"Maji yakija hakuna taa, dada yangu. Fumba."

Akafumba. Kelele za soko zikasogea mbali, kana kwamba zimefunikwa blanketi. Fundi akampakatisha redio moja moja. Yenye vitufe ishirini ilimshinda. Nyingine ilitaka umeme, ikarudi kapuni. Ya mwisho ilikuwa na kishikio kidogo ubavuni. Nesi akazungusha, na ndani ya mvumo ikaibuka sauti ya mtu akisoma hali ya hewa polepole, kama anabembeleza mtoto. Akatabasamu, macho bado kayafumba. Fundi akautazama uso ule kwa muda mrefu kuliko kazi ya redio ilivyohitaji.

"Nifumbue?"

"Bado."

"Fundi, nimeshachagua."

"Mimi ndiyo nachagua."

Tangu hapo simu ikawa kila jioni. Sauti ya Fundi ikikwama kwa haya, Nesi alimwambia ajizungushe kidogo chaji ipande, naye alicheka kama mtu anayekumbuka njia ya nyumbani.

Basi ile Alhamisi Fundi aliwaka. Alisema wakubwa husoma karatasi kama mbuzi asomavyo gazeti. Na kwa kuwa hasira haina macho, akamgeukia Nesi, aliyeipeleka ofisini kwao karatasi ya kuagiza redio.

"Kumbe hata wewe ni mwenzao."

Nesi alitoa nakala ya karatasi ile mkobani, akamwekea kiganjani, akarudi kwa wagonjwa wake.

Mwandiko ulikuwa wa Fundi mwenyewe: *Redio za mkono, sabini.* Sokoni kila mtu aliziita hivyo zile za kuzungusha; ofisini, redio ya mkono ni ile ya walinzi. Aliandika mbiombio siku ile kibandani, jicho likiwa kwa Nesi. Wakubwa walikuwa na kosa lao, la kutokuuliza, hawajawahi kuuliza. Lakini lile neno lilikuwa lake.

Siku tisa Nesi hakupokea simu. Siku ya kumi, mchana, mlinzi wa zahanati alileta redio moja nyeusi, akasema Nesi anataka ijaribiwe. Mara ikakohoa mezani.

"Fundi, unanisikia?"

Fundi akaikwapua, akamwaga maneno yote ya siku tisa.

"Bonyeza ndiyo uongee, mzee. Fundi gani wewe?"

Akabonyeza. "Nisamehe. Kosa ni la mkono wangu."

"Rudia. Kuna kina mama wanne wa kliniki hapa, hawajasikia vizuri."

Akarudia, na vicheko vikapasuka upande wa pili. Nesi alisogea pembeni, akamwambia zile za kuzungusha zimeagizwa, ila ofisini hakuna ajuaye zitafika lini. Sauti yake ilishakuwa ile ya jioni.

"Nataka kukuoa," Fundi akasema, akaachia kitufe kama kimemuunguza.

Mvumo ulidumu. Kupitia mlangoni aliyaona mabati ya bondeni, madogo, yakimetameta, na kivuli cha wingu kikipita juu yake taratibu kama mkono unaopapasa shuka. Moja ya mabati yale lilikuwa la Nesi. Hakujua ni lipi.

"Mpenzi," ikasema redio, "mama hawezi kupanda mlima, nami simwachi. Mvua kubwa zikianza, utakuwa huku nyumbani kwangu, au utanisikiliza ukiwa huko juu?"