Fingo Chini ya Kizingiti

Kigombe wapo watu ambao adhuhuri hawapiti mbele ya nyumba iliyokuwa ya Bi Saleha. Ukiwauliza watakuambia ni jua tu, kichwa kinauma. Mimi nilihadithiwa na shangazi yangu, aliyekuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo wa mambo mengi, lakini si wa hili.

Mwaka wa hamsini na tano, siku chache baada ya arobaini ya Bi Saleha, binti yake Mastura alishuka kwenye lori la Tanga na kikapu kimoja na ufunguo. Alikuja kuitayarisha nyumba iuzwe. Kaka yake Idarusi, karani huko Mombasa, alikuwa amekwisha kuandika barua. Yeye harudi Kigombe, Mastura naye yuko Ngamiani, Tanga mjini, kwa mumewe, na nyumba isiyofuka moshi italiwa na mchwa bure. Mnunuzi alikuwa amepatikana: Ernesti, mnyapara wa shamba la mkonge, mtu wa milimani, aliyetaka pa kukaa na mkewe Bibiana. Ijumaa wangeandikiana mbele ya jumbe.

Mastura hakuwa na la kupinga, wala hakuwa na la kufurahia. Tangu siku mama yake alipovishwa sanda, kifua kilimfa ganzi. Msibani wanawake walilia mpaka sauti zikakauka, na yeye mwenye mama alikuwa anawauliza wageni kama wamekwisha kunywa kahawa. Watu waliona. Kigombe hakuna kisichoonekana. "Ndio watu wa mjini hao," walisema, "hata machozi wameyaacha Tanga." Maneno yalimfikia, na kilichomtisha ni kwamba hayakumuuma. Alimpenda mama yake. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kulijua si kulihisi. Alitaka amlilie mama yake, walau tone moja, kabla nyumba haijawa ya watu. Aliona kwamba chozi lile lisipomtoka ndani ya kuta zile, halitamtoka kokote.

Siku tatu alipanga vitu. Kinu alimpa jirani. Mbuzi ya kukunia nazi ilidaiwa na wawili, kila mmoja akiapa marehemu alimwahidi yeye; akampa aliyetangulia kufika. Kitanda cha mama kilikwama mlangoni, wakakilaza ubavu, kikatoka. Alifungua kasha, akazinusa leso za mama moja moja kwa makusudi, maana aliwahi kusikia kwamba harufu humliza mtu. Zilinuka karafuu. Akazikunja tena. Kisha akapaka chokaa ukumbini. Ukutani palikuwa na doa la mafuta ya nazi, pale mama alipozoea kuegemeza kichwa akisuka ukili, miaka ishirini na zaidi. Mastura alilipaka chokaa nalo, na mkono haukusita.

Jumanne Bibiana alikuja kuitazama nyumba. Mwanamke mnene, mpole, kitambaa cheupe kichwani, msalaba mdogo shingoni. Alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta kwa vidole, akasifu kisima. Alipofika mlango wa mbele akasimama, akakitazama kizingiti bila kukivuka.

"Dada Mastura," alisema kwa sauti ya chini, "nimesikia hapa chini pana chungu."

"Lipo fingo," alijibu Mastura. "Babu alilifukia alipoijenga. Ni la kulinda tu. Mwizi akiingia haoni mlango wa kutokea."

"Mimi nasali, dada, siogopi. Ila sitaki kulala juu ya dawa ya watu. Likitolewa, tunahamia. Lisipotolewa, mwambie Ernesti aje aishi hapa peke yake na chungu chake."

Basi Mastura akaenda kwa Bi Kijakazi, mdogo wake bibi yake, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu hakuwahi kumwita kwa jina.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniuzia nyumba na mimi ningali hai? Haya, kaa." Bi Kijakazi alitema tambuu, akasikiliza mpaka mwisho, na utani wote ukamtoka usoni. "Kaka yako hafai kulitoa. Yeye kazaliwa Pangani. Wewe ndiye uliyedondokea mle ndani, fingo linakujua. Utalitoa Alhamisi, jua la utosi, kivuli chako kikiwa chini ya nyayo. Vitu vyote viwe nje. Watu wote wawe nje. Fukiza ubani, liambie kwamba nyumba imeuzwa, kazi imekwisha, kisha chimba. Na nisikilize vizuri, Mastura."

Ile kuitwa jina ilimfanya anyanyue uso.

"Utaitwa. Usiitike. Mpaka umekivuka kizingiti na chungu mkononi, usiitike."

"Nitaitwa na nani?"

"Utamjua. Fingo haliwezi kuacha lindo bila mtu wa kushika zamu. Asiyeitika hutoka mzima. Anayeitika hubaki."

Alhamisi adhuhuri watu wa mtaa walijifungia kwa chakula. Mastura aliingia peke yake na chetezo, jembe fupi na kipande cha kaniki. Nyumba ilikuwa tupu. Hatua zake zilirudi kutoka kila chumba. Mlango wa uani aliuacha wazi ili hewa ipite. Aliuona pale mwisho wa ukumbi, na ng'ambo yake jua jeupe na kisima.

Alifukiza ubani. Akasema aliyoambiwa aseme. Alichuchumaa upande wa ndani wa kizingiti, akaanza kuchimba.

Udongo wa juu ulikuwa mgumu, wa chini laini. Alichimba kiasi cha dhiraa moja. Jembe likagusa kitu, kikalia kidogo. Akaweka jembe kando, akatumia vidole.

"Mastura."

Ilitoka jikoni. Ilikuwa sauti ya mama yake. Haikutoka kaburini wala haikuwa na mwangwi. Ilikuwa sauti ya mtu aliye na mikono ndani ya unga, asiyeweza kuja mwenyewe. Mastura aliuma midomo. Alingoja moyo umpige. Moyo ulikuwa shwari. Akaendelea kufukua.

"Mastura, mwanangu. Hunisikii?"

Sasa ilikuwa chumbani. Karibu zaidi. Alisikia na mlio wa bangili, zile mbili za fedha walizomvua mama siku ya kumwosha. Chungu kilikuwa kimeonekana shingo, kimefungwa kwa nta nyeusi. Alikizungusha. Kilikuwa kinang'ang'ania.

Alijua kwamba huyu si mama. Alijua pia kwamba mtu mwingine angekuwa anatetemeka, na kutetemeka kule kungemziba mdomo. Yeye hakutetemeka. Hakuwa na chochote ndani cha kumlinda. Akakivuta chungu kwa mikono miwili.

Kikatoka.

Na hapo hapo, nyuma ya kisogo chake, kwa ule uchovu wa kila siku, sauti ikauliza:

"Mastura, mlango wa uani umeufunga?"

"Abee, mama. Nimeufunga."

Ulimi ulitangulia. Mtoto wa kike aliyelelewa Kigombe haitwi na mama yake mara tatu akanyamaza. Huitika kabla hajafikiri, kama anavyofumba jicho vumbi likija. Miaka thelathini aliitika hivyo. Adhuhuri ile akaitika tena.

Mwisho wa ukumbi, mlango wa uani aliouacha wazi ulijifunga taratibu, bila upepo. Komeo likaingia mahali pake.

Mastura alisimama, chungu mkononi, akakivuka kizingiti. Hakugeuka. Nje jua lilimpiga usoni, na alijiona mwepesi, kama aliyetua ndoo ya maji njiani. Bi Kijakazi alikuwa anamngoja kivulini mwa ukuta wa jirani.

"Uliitwa?"

"Niliitwa."

"Ukaitika?"

Angesema kweli, chungu kingerudishwa shimoni, wangengoja mwezi uandame, na kesho Ernesti angetafuta nyumba nyingine. Mastura alikuwa amechoka. Alitaka tu mambo yaishe.

"Sikuitika," alisema.

Bi Kijakazi alimtazama miguuni kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta kitu kilichopungua. Walikwenda pamoja mpaka kwenye mikoko, maji yakitoka, wakakitupa chungu mkondoni.

Ijumaa waliandikiana. Jumbe alitia sahihi, Ernesti akamshika mkono Mastura kwa mikono yake miwili, Bibiana akavuka kizingiti akiimba wimbo wa kanisani. Mastura alikabidhi ufunguo, akapanda lori, akarudi kwa mumewe Zubeiri. Alimpikia, akamfulia, akasalimiana na majirani. Zubeiri alipomuuliza kama roho inamuuma kuiuza nyumba ya wazee, alijibu, "Hapana," na ilikuwa kweli.

Baada ya miezi mitatu, Bibiana alipiga hodi Ngamiani na kapu la machungwa. Walikaa uani. Bibiana hakugusa chai. Alingoja Zubeiri atoke kwenda kazini, kisha akasogeza kigoda.

"Dada, nisamehe. Kule nyumbani kuna mtu analia."

Mastura alimenya chungwa.

"Kila adhuhuri," alisema Bibiana, sasa akinong'ona. "Pale mlangoni, upande wa ndani. Mwanzoni nilidhani ni jirani kafiwa. Ernesti akatoka kuangalia. Mtu hakuna, lakini chini pamelowa. Tukafuta. Kesho yake pamelowa tena. Ernesti ameleta saruji, amesakafia nyumba nzima. Kote imekauka, dada. Pale haikauki. Na asubuhi yake tulikuta pana alama."

"Alama gani?"

"Magoti mawili, na viganja viwili mbele yake. Vimeelekea ndani."

Bibiana alifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Anamwita mama yake. Hatutishi, wallahi," alisema, akiapa kiapo cha majirani zake wapya, "hatutishi hata kidogo. Anatutia huruma tu. Ila sauti nimeijua. Dada, ile sauti ni yako."

Mastura aliweka kisu chini. Alijitafuta ndani, akitumaini atakuta hofu, au aibu. Hakukuta kitu. Ndipo akauliza swali ambalo Bibiana alikuja kulisimulia kwa shangazi yangu.

"Analia vizuri?"

"Nini?"

"Mama yangu, anamlilia vizuri? Kwa uchungu?"

"Kama mtoto mdogo," alisema Bibiana, na yeye mwenyewe machozi yakamtoka.

Walirudi Kigombe pamoja siku ileile. Walifika adhuhuri imekwisha kuingia. Ernesti alikuwa kazini mkongeni. Bibiana alisimama barabarani, hakuthubutu kusogea. Shangazi yangu alichungulia dirishani, na haya mengine aliyaona kwa macho yake.

Mastura alivuka kizingiti. Aliziona alama: magoti mawili, viganja viwili, saruji mbichi kana kwamba imemwagwa saa ileile. Kilio kilikuwa kinasikika. Kilikuwa kilio kile chenyewe alichokitafuta msibani, cha mtu aliyepoteza kila kitu, kinapanda na kukatika na kuanza upya. Alipopiga magoti na kuyaweka magoti yake ndani ya yale, yakaenea. Akashusha viganja. Vikaenea mpaka kidole cha mwisho.

Kilio kikakoma.

Alibaki pale. Shangazi aliona midomo yake inachezacheza, kisha akamsikia akisema, taratibu, "Mama." Akasikiliza. "Mama, niite."

Alikuwa tayari kuitika. Angeitika hata mara mia, na chochote kilichobaki pale kingekuwa chake tena, au yeye angekuwa wake; lolote kati ya hayo lingemtosha. Alingoja mpaka kivuli cha mlango kikamfika mgongoni. Hakuna aliyemwita. Alipoinuka viganja vyake vilikuwa vinatiririka maji. Alivitazama, akavipaka usoni, chini ya macho, kushoto na kulia, akatoka nje. Alikuwa na uso wa mtu aliyelia sana, isipokuwa macho. Macho yalikuwa makavu kabisa.

Aliagana na Bibiana vizuri, akapanda lori la alasiri. Kigombe hakuja tena, hata alipopelekewa habari kwamba Bi Kijakazi amefariki.

Ernesti alisakafia pale mara ya pili, na ya tatu, mwishowe akaacha. Viganja viwili vimebaki, na ndani yake maji, hata miezi ya kiangazi kisima kinapokauka. Kuku wa Bibiana wanaingia ukumbini wakihema kwa kiu. Wanakunywa maji ya vyombo, maji ya majivu, hata ya kufulia. Wakifika pale mlangoni wanazunguka, wanapita mbali, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye msiba.